Viongeza vya mafuta na oili: pima gari yako kwanza, chupa baadaye

Kila nikikaa na watu wenye magari swali linarudi lile lile, limebadilisha nguo tu. "Hii ya kumwaga kwenye tenki inafanya kazi kweli?" "Nimeambiwa hii ukichanganya na oili injini inakuwa mpya, niweke?" "Gari imekuwa nzito alafu inakula mafuta balaa, ninunue chupa gani?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa hiyo naandika hatua zote hapa, ukizifuata utapata jibu la gari yako mwenyewe, maana jibu la gari ya jirani halitakusaidia, injini yake na yako hazijaishi maisha mamoja.

Nianze na jibu lenyewe ili asiyetaka kusoma yote asitoke mikono mitupu. Hamna chupa inayoipa injini nguvu ambayo kiwanda hakikuiweka. Chupa nzuri inaweza kurudisha nguvu iliyopotea kwa sababu ya uchafu kwenye nozeli (vile vinavyonyunyizia injini mafuta) na kwenye chumba cha moto, basi. Kama nguvu yako imepotea kwa sababu ringi za pistoni zimeisha, au breki zinashika, au plagi zimechoka, umeilisha tenki bure. Na upande wa oili hali ni mbaya zaidi, huko chupa nyingi hazina kazi kabisa na chache zinaharibu.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Daftari au simu ya kuandikia. Usiniambie utakumbuka, hutakumbuka.
- Geji ya upepo wa tairi.
- Kitambaa cheupe au karatasi laini ya kufutia kijiti cha oili.
- Kitabu cha gari, kile kinachokaa kwenye droo bila kufunguliwa. Humo kuna okteni inayotakiwa (ile namba ya petroli, 91, 95 na kadhalika), daraja la oili, na mara nyingi kuna sentensi inayosema kiwanda kinashauri nini kuhusu viongeza.
- Skana ndogo ya OBD2 (ya kusoma kompyuta ya gari) ya kuunganisha na simu, ukiweza. Magari yaliyouzwa Marekani kuanzia 1996 yana soketi yake chini ya dashibodi, Ulaya ya petroli kuanzia 2001. Kama huna, azima, au fundi akusomee.
- Glavu na faneli. Hivi vimiminika vingi ni sumu, havipendi ngozi wala macho.
- Uvumilivu wa matenki saba ya mafuta. Hapa ndipo wengi wanapotoka mbio.

Nadharia kidogo tu, naahidi

Petroli na dizeli unayonunua tayari ina viongeza ndani. Oili pia, tena oili ndiyo imejaa zaidi: ina sabuni za kushika masizi, ina zinki na fosforasi za kulinda vyuma visisagane, ina dawa ya kuzuia povu, dawa ya kuzuia kutu, na vitu vya kuifanya isiwe nyepesi sana ikipata moto. Wakemia wameyapima hayo yote kwa uwiano, mchanganyiko ukapitishwa kwenye majaribio ya injini ndipo ukaruhusiwa kuandikwa alama za viwango kama API SP au ACEA C3 mgongoni. Ukimwaga chupa nyingine juu yake umevuruga huo uwiano na hamna aliyejaribu mchanganyiko wako. We ndio umekuwa maabara.

Na matangazo ya hizi chupa yameshafikishwa mbele ya sheria. Mwaka 1996 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliwashtaki waliokuwa wanauza Slick 50 kwamba madai yao ya kupunguza usagikaji wa injini hayakuwa na ushahidi wa kutosha, na kesi ikamalizwa kwa makubaliano 1997. Shirika la mazingira la huko huko, EPA, limepima vifaa na viongeza zaidi ya 100 vinavyodai kuokoa mafuta na karibu vyote havikuonyesha chochote cha maana. Hapo nadharia imeisha.

Hatua ya 1: Sema tatizo lako kwa sentensi moja

Andika gari inafanya nini, lini, na tangu lini. "Haina nguvu" haitoshi. "Asubuhi ikiwa baridi inatetemeka dakika mbili alafu inatulia, ilianza miezi miwili iliyopita" hiyo ni sentensi ya mtu anayetaka kupona. Kama huwezi kuandika sentensi hiyo kwa sababu gari haina shida yoyote, umeona tu tangazo ukavutika, funga kitabu, gari yako haihitaji chupa. Sitanii, hii peke yake inaondoa nusu ya wanaoniuliza.

Hatua ya 2: Maliza vitu vya bure kwanza

Gari inayokula mafuta mara nyingi ina sababu ambayo haihusiani na mafuta yenyewe.

Pima upepo wa tairi zikiwa za baridi, weka kama stika ya mlangoni inavyosema. Alafu endesha kama dakika kumi na tano bila kukanyaga breki sana, simama, sogeza kiganja karibu na kila rimu (usiishike, inaweza kukuunguza). Moja ikiwa ya moto kupita wenzake breki hiyo inashika, na hapo unaendesha gari huku umeifunga kamba.

Angalia mshale wa joto. Injini ikikaa baridi hata baada ya mwendo mrefu, thermostati (valvu inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate joto) imebaki wazi, na kompyuta ya gari inaendelea kumwaga mafuta ikidhani bado ni asubuhi. Mtu mmoja ninayemfahamu vizuri sana, na ni mimi mwenyewe, alimwaga chupa tatu mfululizo kwenye gari yenye tatizo hili. Kilichotibu ni thermostati, kazi ya nusu saa.

Plagi zitoe uziangalie. Filta ya hewa pia, ingawa kwenye gari za kisasa za petroli filta chafu inakunyima mbio zaidi kuliko inavyoongeza ulaji, kwa sababu kompyuta inapunguza mafuta kulingana na hewa inayoingia.

Hatua ya 3: Soma moshi na oili

Washa injini ikiwa baridi, mtu mwingine akae nyuma aangalie ekzosi.

Moshi wa bluu, hasa ukipiga resi baada ya gari kukaa imewaka imesimama, ni oili inaungua. Moshi mweusi ni mafuta yamezidi. Moshi mweupe mzito usioisha hata gari ikishapata joto, wenye harufu tamu tamu, ni maji ya rejeta yanaingia kwenye silinda, na hapo acha habari za chupa, ita fundi leo. (Mvuke mwepesi wa asubuhi ni kawaida, usiogope.)

Chomoa kijiti cha oili, futa, rudisha, chomoa tena. Weka tone kwenye karatasi nyeupe. Oili nyeusi kwenye dizeli ni kawaida hata ikiwa ya juzi. Kinachotakiwa kukushtua ni rangi ya maziwa, vipande vinavyong'aa, au harufu kali ya petroli. Alafu fungua kifuniko cha kujazia oili uchungulie kwa tochi. Ukiona vyuma vya rangi ya shaba au kahawia safi, vizuri. Ukiona tope jeusi limeganda kama lami, kumbuka ulichokiona maana nitakirudia hatua ya 7 na ni muhimu.

Hatua ya 4: Pima ulaji wa mafuta matenki matatu

Hii ndiyo hatua inayorukwa na kila mtu, na bila hii hakuna utakachojua, utabaki na "naona kama imekuwa nyepesi".

Jaza tenki mpaka pampu ikate yenyewe, usiongezee ya kudondosha. Sifurisha kipimo cha safari. Endesha kama kawaida yako. Tenki likikaribia robo rudi pampu ile ile kama inawezekana, jaza tena mpaka ikate. Gawa kilomita kwa lita ulizojaza. Mfano umetembea kilomita 420 ukajaza lita 38, hiyo ni kilomita 11 na kidogo kwa lita. Ukitaka kwa mtindo wa lita kwa kilomita 100, gawa lita kwa kilomita uzidishe kwa 100, unapata 9 na kidogo.

Rudia mara tatu. Tuseme umepata 11.1, 10.6 na 11.4. Hakuna ulichobadilisha, gari ni ile ile na njia ile ile, lakini namba zimecheza kwa 0.8, yani karibu asilimia 7! Joto la siku, foleni, pampu kukata mapema, mguu wako. Sasa fikiria chupa inayoahidi kuokoa asilimia 5. Hata ikifanya kweli hutaiona kwenye tenki moja, na isipofanya utaweza kuamini imefanya kwa sababu tu tenki hilo lilikuwa la safari ndefu. Ushuhuda mwingi unaousikia umezaliwa hapa. Mtu amemwaga chupa, kesho yake kasafiri barabara kuu, ulaji umeshuka, sifa zote kachukua chupa.

Kama una skana, injini ikiwa ya moto soma ile namba inayoonyesha kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta kwa muda mrefu (kwenye skana nyingi imeandikwa LTFT). Ikiwa ndani ya asilimia 10 juu au chini ya sifuri hali ni ya kawaida. Ikiwa juu sana upande wa kuongeza, inawezekana nozeli zimeziba, lakini pia inawezekana kuna hewa inapenya mahali au pampu ya mafuta imechoka. Andika namba, piga picha.

Hatua ya 5: Chagua aina, achana na jina

Hapa soma mgongo wa chupa, mbele ni maua tu.

Petroli, nozeli chafu. Tafuta kisafishaji chenye PEA, yani poliethaamini. Hii ndiyo kemikali yenye sifa ya kweli, inastahimili joto la chumba cha moto na inaondoa masizi yaliyogandia kwenye nozeli na juu ya pistoni. Dalili zinazoendana nayo ni kutetemeka gari ikiwa imesimama imewaka, kusita ukikanyaga mafuta, kumisi mara moja moja. Kama chupa haisemi ndani kuna nini na inasema tu "fomula ya siri", irudishe kwenye shelfu.

Angalizo kubwa kwa wenye injini za sindano ya moja kwa moja, zile za GDI, TSI na ndugu zao. Kwenye injini hizi mafuta yanamwagwa ndani ya silinda, hayapiti juu ya valvu za kuingizia hewa. Kwa hiyo masizi yanayojaa kwenye hizo valvu hakuna chupa ya tenki itakayoyafikia, hata uweke ndoo. Dawa yake ni kufungua na kusafisha, mafundi wengine wanapuliza maganda ya jozi yaliyosagwa. Nozeli zenyewe lakini PEA inazifikia, na hapo bado ina maana.

Vipandisha okteni. Kama kitabu chako kinasema 91 na unaweka 91 au 95, kupandisha zaidi hakukupi kitu. Okteni inapima uwezo wa petroli kuvumilia mgandamizo bila kujilipua, haipimi nguvu. Gari inayohitaji 98 ukaiwekea 91, kompyuta inasikia injini inagonga, inachelewesha cheche ya plagi na unapoteza nguvu, hapo kupandisha kuna maana, ila kununua mafuta sahihi ni rahisi zaidi. Na kuna mchezo wa maneno: ukiona "inapandisha pointi 3", kwa lugha yao pointi moja ni 0.1. Kwa hiyo 95 imekuwa 95.3. Zile zenye nguvu kweli mara nyingi zina manganizi (MMT) au ferosini ya chuma, zinaacha unga mwekundu au wa rangi ya chungwa kwenye plagi. Nimeshatoa plagi ya namna hiyo, kauri yake ilikuwa nyekundu kama imepakwa udongo, na gari ilikuwa inamisi, mwenyewe akaongeza chupa nyingine akidhani mafuta ni mabaya.

Maji kwenye tenki. Petroli yenye maji kidogo, kiongeza cha pombe (isopropili) kinasaidia maji yachanganyike yaungue. Maji mengi, shusha tenki, hakuna njia ya mkato. Kwenye dizeli kuna filta yenye koki ya kumwagia maji chini, anzia hapo.

Gari inayolala muda mrefu. Hapa kiongeza ninakipenda. Petroli hasa yenye ethanoli ikikaa miezi mitatu na kuendelea inaanza kuchakaa. Dawa ya kutunza mafuta weka yakiwa mapya, jaza tenki, washa injini dakika kumi ifike mpaka kwenye nozeli. Ukiweka kwenye mafuta yaliyokwisha kuoza haifufui maiti.

Dizeli. Dizeli ina mambo yake. Kuna visafisha nozeli, kuna vya kupandisha seteni (namba ya urahisi wa dizeli kuwaka), kuna vya kulainisha pampu na kuna vya baridi kali vinavyozuia nta kuganda. Vya seteni vinaweza kusaidia kama dizeli yako ni ya daraja la chini: kiwango cha Ulaya ni 51 na kuendelea, cha Marekani kinaanzia 40, kwa hiyo pengo lipo. Gari inawaka kirahisi asubuhi na kelele ya kugonga inapungua. Usitegemee miujiza kwenye ulaji. Na kuna mfano mmoja wa kiongeza ambacho kiwanda chenyewe kilikiamini: Peugeot walipotoa 607 mwaka 2000 yenye chujio la masizi, waliifunga tenki dogo la kiongeza cha seriamu ili masizi yaungue kwa joto la chini. Tofauti ni kwamba kilibuniwa pamoja na gari, kompyuta ndiyo inapima kiasi.

ONYO, na naliandika kwa herufi kubwa kwa sababu bado watu wanakosea: ADBLUE SIO KIONGEZA CHA DIZELI. Ni kimiminika cha kusafisha moshi wa ekzosi kwenye dizeli za kisasa: yurea asilimia 32.5, iliyobaki ni maji. Ina tenki lake. Ikiingia kwenye tenki la dizeli inaua pampu na nozeli.

Hatua ya 6: Kumwaga kwenye tenki

Subiri tenki likaribie kuisha. Mwaga chupa kwanza, alafu jaza mafuta juu yake, hivyo vinachanganyika vyenyewe. Kipimo fuata chupa, na hesabu kama tenki lako ni dogo: chupa ya mililita 300 ya kutibu lita 60 maana yake ni mililita 5 kwa lita moja, kwa hiyo ukijaza lita 40 unahitaji mililita 200, iliyobaki funga vizuri.

Usizidishe. Watu wanawaza kama kikombe kimoja kinasafisha viwili vitang'arisha. Kisafishaji kikizidi kinaweza kuacha masizi yake chumbani, na sehemu inateremka kupita ringi inaingia kwenye oili. Kwa sababu hiyo hiyo wakati mzuri wa kutumia ni tenki la mwisho kabla ya kumwaga oili.

Endesha hilo tenki vizuri, angalau safari moja ya mwendo wa kutosha, usiliishie kwenye vijisafari vya dakika tano. Usichanganye chupa mbili za aina tofauti. Na vile vya kienyeji, asetoni, vidonge vya kufukuza nondo kabatini, mafuta ya gia, mafuta ya taa kwenye petroli, viache. Asetoni inakula raba na plastiki za mfumo wa mafuta, vingine vinashusha okteni au vinaacha masizi.

Hatua ya 7: Upande wa oili, hapa nenda taratibu

Kwa gari isiyo na shida: usiweke kitu. Weka oili ya daraja linalotakiwa na badilisha kwa wakati, hiyo ndiyo kazi yote.

Vya kupunguza msuguano, vyenye Teflon au "seramiki" au majina ya sayari. Oili tayari inafanya hiyo kazi, vyuma vinaelea juu ya utando wa oili. Vyenye chembechembe ngumu vinaweza kujikusanya kwenye filta. Vya kuongeza zinki kwenye gari ya kisasa vinaongeza fosforasi inayolemaza kataliti ya ekzosi, kile kifaa cha kusafisha moshi ambacho mafundi wengine wanakiita masega. Na pikipiki zenye klachi inayoogelea kwenye oili moja na injini, kiongeza cha utelezi kinaifanya klachi iteleze kweli, si ndicho ulichoomba.

Vya kufanya oili iwe nzito. Hivi vimejaa, vinateremka kama gundi, moshi wa bluu unapungua na kelele inanyamaza wiki kadhaa. Ringi bado zimeisha. Ni dawa ya maumivu, na ndiyo mbinu ya muuza gari mchovu. Ukienda kununua gari, chomoa kijiti, oili ikining'inia kama uzi haitaki kudondoka, uliza maswali.

Vya kuzuia uvujaji. Vinavimbisha sili za raba zilizokauka. Kama sili imekauka na inalia tone kwa tone, vinaweza kukununulia muda. Sili iliyokatika au gasketi iliyopasuka havifanyi kitu.

Flashi ya injini, yani dawa ya kuosha uchafu ndani ya injini. Sasa kumbuka ulichokiona chini ya kifuniko. Kama pako safi huihitaji. Kama kuna utando kidogo unaweza: injini ya moto, mwaga flashi kwenye oili ya zamani, acha ikiwa imewaka imesimama kwa dakika zilizoandikwa (mara nyingi 10 hadi 15), usipige resi, usiendeshe, zima, mwaga oili yote ikiwa bado ya moto, filta mpya, oili mpya.

Kama kuna lami nzito, usithubutu. Nilisaidia kufungua sampo (bakuli la oili chini ya injini) ya gari moja iliyofanyiwa flashi siku mbili kabla. Ile jicho la pampu, wavu mdogo wa kunyonyea oili, ulikuwa umezibwa na vipande vyeusi mfano wa ngozi iliyobanduka, ukigusa kwa kucha vinatoka vizima vizima. Flashi iliubandua uchafu ulipokuwa umetulia, ukateremka chini, pampu ikaunyonya, juu kukawa kukavu. Injini ilinoki. Kwa injini kama hiyo badilisha oili mapema, tuseme kila nusu ya umbali wa kawaida mara mbili tatu pamoja na filta, sabuni iliyomo kwenye oili itaula uchafu polepole.

Hatua ya 8: Pima tena

Tenki lenye kiongeza usilihesabu. Pima matatu yanayofuata kwa njia ile ile ya hatua ya 4, msimu ule ule, mzigo ule ule. Linganisha wastani na wastani. Kama matenki mapya yote matatu yako juu kuliko yote ya zamani, kuna kitu kimetokea. Yakiingiliana, hamna kitu. Soma LTFT tena, ikiwa imerudi karibu na sifuri hiyo ni dalili nzuri kuliko hisia za mguu. Ukiona faida, rudia labda kila oili ya pili au ya tatu. Kila tenki sio lazima, uchafu haurudi kwa wiki.

Mambo yakienda kombo

Nimeweka na hakuna tofauti. Basi shida sio uchafu wa nozeli au umegandia sana. Usiongeze chupa ya pili. Nenda pima mgandamizo wa silinda, msukumo wa pampu ya mafuta, na hewa inayopenya. Nozeli zinaweza kutolewa zikapimwa mezani, utaona kwa macho: nzima inatoa ukungu mpana, iliyoziba inatoa mkojo wa mstari mmoja.

Taa ya cheki injini imewaka baada ya kuweka. Soma kwa skana kodi ya kosa kabla hujaifuta. Kama ni ya kumisi na taa inapepesa, usiendelee kukanyaga, mafuta yasiyoungua yanaichoma kataliti. Kama taa imetulia tu na gari inaenda sawa, maliza tenki, jaza mafuta ya kawaida, uone kama inarudi.

Moshi umeongezeka siku ya kwanza. Kidogo ni sawa, masizi yanatoka. Ukiendelea baada ya tenki kuisha, rudi hatua ya 3.

Dizeli imeanza kukosa nguvu siku chache baada ya kusafisha. Uchafu wa tenki umefika kwenye filta. Badilisha filta ya dizeli, na siku nyingine nunua filta pamoja na chupa.

Taa ya oili imewaka baada ya flashi au baada ya kiongeza cha oili. Zima injini hapo hapo, usisubiri ufike nyumbani. Angalia kiwango. Kama kiwango kipo na taa inawaka, gari ivutwe, sampo ifunguliwe.

Nimechanganya, chupa ya dizeli imeingia kwenye petroli. Kama ni chupa moja kwenye tenki lililojaa, mara nyingi gari itasumbua kidogo tu, itatoa moshi, endesha polepole na ongeza petroli kila ukipata nafasi. Kama ulimwaga kwenye tenki karibu tupu, litolewe lote.

Nimeweka AdBlue kwenye dizeli. Kama hujawasha, usiwashe, hata swichi usiizungushe maana pampu ya tenki inaanza kuvuta. Tenki lishushwe, lioshwe, mabomba yasafishwe. Kama umeshawasha ukatembea, mwambie fundi ukweli wote ikiwemo umetembea kilomita ngapi, maana hicho ndicho kitakachoamua kama pampu ya msukumo mkubwa inafunguliwa au la.